Magongo: Barabara ya timu ya taifa haifiki Malindi

Desemba iliyopita, wakati wewe pengine ulikuwa unafurahia likizo, vijana wa umri usiozidi miaka 21 walikuwa wanacheza Kombe la Dunia la mpira wa magongo. Wavulana walikuwa India, mijini Chennai na Madurai. Wasichana walikuwa Santiago, Chile. Kwa mara ya kwanza mashindano hayo yalifungua mlango kwa timu 24 kila upande, na Afrika ikapeleka tatu tatu: Afrika Kusini, Misri na Namibia kwa wavulana, Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia kwa wasichana.

Kenya? Haikuwepo. Si India, si Chile.

Sasa tulia na jina moja hapo: Namibia. Nchi nzima, kwa sensa yake ya 2023, ina watu milioni 3 na kidogo. Kaunti ya Kilifi peke yake, kwa sensa yetu ya 2019, ilikuwa na watu 1,453,787. Yaani chukua Kilifi mbili uzijumlishe, unakaribia taifa zima ambalo limepeleka timu mbili kwenye Kombe la Dunia la chipukizi. Kwa hivyo mtu akikuambia hapo maskani kwamba shida ya magongo Kenya ni uchache wa vipaji, mwache amalize kahawa yake aende.

Swali langu leo ni dogo kuliko hilo. Mtoto wa miaka kumi aliyeko Malindi, Watamu, Mtwapa au Kaloleni ana njia gani ya kufika timu ya taifa ya magongo? Ukiifuata njia hiyo hatua kwa hatua utaona inakatika mapema sana, hata kabla ya kufika Mombasa. Na cha ajabu, pale inapokatika pana kitu ambacho tayari kipo shuleni, tena kimechorwa chaki.

Tulipokuwa wa nne duniani

Kama umezaliwa baada ya 2000, huenda unadhani magongo ni mchezo wa shule chache za bweni tu. Wazee wanajua vingine. Kenya imecheza magongo kwenye Olimpiki mara saba: Melbourne 1956, Rome 1960, Tokyo 1964, Mexico City 1968, Munich 1972, Los Angeles 1984 na Seoul 1988. Kule Tokyo, hata mwaka haujatimia tangu tupate uhuru, tulimaliza nambari sita. Mwaka wa 1971 Kombe la Dunia la kwanza kabisa likafanyika Barcelona. Kenya ikaingia nusu fainali, ikafungwa na wenyeji Uhispania, ikamaliza ya nne nyuma ya Pakistan, Uhispania na India. Ukitoa kriketi ya 2003 na raga ya wachezaji saba, utahangaika kutaja mchezo mwingine wa timu ambao wanaume wa Kenya wamefika kimo hicho.

Nahodha wa enzi hizo, Avtar Singh Sohal, alicheza Olimpiki nne mfululizo, kuanzia Rome hadi Munich. Wenzake wengi walikuwa Wagoa na Masingasinga, watoto wa jamii zilizokuwa na klabu zao na shule zao Nairobi na Mombasa. Shika hapo, maana ndiyo siri yote. Mtoto alikuwa anakulia klabuni. Babake anacheza Jumapili, kaka yake anacheza, yeye yuko kando ya uwanja na gongo lililokatwa liwe fupi. Akifika miaka 15 amegusa mpira mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Familia nyingi za jamii hizo zilipohamia Uingereza, Kanada na kwingineko mwishoni mwa miaka ya sitini na katika ya sabini, tulipoteza kitalu. Miche mipya ikabaki haina pa kuoteshwa.

Halafu sakafu ikabadilika. Olimpiki ya Montreal mwaka wa 1976 ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuchezewa magongo kwenye nyasi bandia. Sisi hatukwenda: Kenya ilikuwa kati ya nchi za Afrika zilizosusia michezo hiyo kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mwaka wa 1980, Moscow, tukasusia tena, safari hii upande wa Marekani. (Moscow ndiko wanawake wa Zimbabwe walikobeba dhahabu ya magongo. Historia ina utani wake.) Kwa hiyo mchezo ulipohamia kwenye zulia, Kenya haikuwa ukumbini kwa Olimpiki mbili. Zulia letu wenyewe, lile la City Park jijini Nairobi, lilikuja kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Tukashinda dhahabu nyumbani, tukaenda Seoul mwaka uliofuata. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho. Miaka 38 sasa.

Kitale haina bahari, wala haikuwa na zulia

Ukiuliza wachezaji wa leo wanatoka wapi, utatajiwa shule zile zile. St Anthony's Kitale. Musingu ya Kakamega. Friends School Kamusinga kule Bungoma. Kwa wasichana, Tigoi ya Vihiga, St Joseph's Kitale, Sinyolo ya Kisumu. Ni ukanda mmoja, kutoka Trans Nzoia kuteremka hadi ziwani, ukichanganya na shule kadhaa za Nairobi.

Watu wa Pwani tuna tabia ya kueleza jambo hili kwa damu. Eti wale ni wakakamavu, sisi tunapenda mpira wa miguu na upepo. Maneno ya kujifariji hayo. Shule hizo zilijijenga kwenye nyasi za kawaida, zenye vichuguu na mashimo kama za kwetu. Zilichokuwa nacho ni walimu waliokaa mahali pamoja miaka mingi wakifundisha mchezo mmoja, na jirani wa kucheza naye. Kamusinga anamhitaji St Anthony's na St Anthony's anamhitaji Kamusinga. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anamkuta wa kidato cha nne anayejua, anamwiga, na miaka mitatu baadaye yeye ndiye anayeigwa.

Juu ya hapo kuna kazi. Ligi ya wanaume ina Kenya Police, ambao wanaajiri. Kuna Butali Sugar Warriors wa Kakamega, wenye jina la kiwanda mgongoni. Kuna vyuo vikuu kama Strathmore na USIU. Upande wa wanawake, timu ya Telkom ilitawala klabu za Afrika kwa miaka mingi kabla ufadhili haujakatika na wachezaji wakaendelea kwa jina la Blazers. Kwa hivyo mzazi wa Kakamega akiona mwanawe ana gongo mkononi, anaona karo, anaona chuo, anaona sare ya polisi. Mzazi wa Magarini akiona hilo gongo anauliza ng'ombe wako wapi.

Isitoshe, kaunti yetu ina mji mzima unaoitwa Gongoni. Magongo yenyewe ndiyo hayajafika.

Hesabu ya mechi

Sasa tuje kwenye kalenda, ambayo kwa maoni yangu inaua vipaji vingi kuliko ukosefu wa pesa.

Magongo ya shule za upili huchezwa muhula wa kwanza, pamoja na basketboli, handiboli na raga ya wachezaji 15. Shule zinafunguliwa Januari. Kufikia Februari na Machi mashindano ya chini yameshaanza, na yanakwenda kwa mchujo: kaunti ndogo, kaunti, Pwani, kisha kitaifa, na wanaong'ara huko wanakwenda michezo ya Afrika Mashariki mwezi wa Agosti. Ukipoteza mapema, umemaliza mwaka. Timu ya shule ya Malindi inaweza kucheza mechi mbili, ikafungwa, magongo yakarudi stoo hadi Januari nyingine. Piga hesabu mwenyewe: mechi mbili au tatu kwa mwaka, mara miaka minne ya sekondari. Kijana anamaliza shule akiwa na mechi kumi za ushindani maishani mwake, halafu tunamtaka akapambane na Mnamibia au Mmisri anayecheza kila wikendi.

Kwa Malindi kuna jambo jingine ambalo sijawahi kusikia likitajwa Nairobi. Miaka hii Ramadhani imeangukia humo humo. Mwaka wa 2024 ilianza Machi, 2025 ikaanza mwanzoni mwa Machi, mwaka huu imeanzia katikati ya Februari. Kipindi kile kile cha mchujo, kijana amefunga, jua la Malindi la saa nane mchana liko utosini, na ratiba inamwambia acheze. Wengine wanacheza hivyo hivyo. Wengine wanaacha, na wanaofanya uteuzi hawawaoni kabisa. Ramadhani itaendelea kurudi nyuma kuelekea Januari kwa miaka michache ijayo, kwa hivyo jambo hili bado liko nasi. Suluhisho lake halihitaji hata kamati: mechi za Pwani zichezwe saa moja asubuhi, au msimu wa kaunti uanze wiki ya pili ya Januari.

Gredi ya 10 imechelewesha gongo mwaka mzima

Hili ndilo linalonikosesha usingizi. Chini ya mfumo wa 8-4-4, mtoto wa shule ya umma alikutana na magongo kidato cha kwanza, akiwa na miaka 14 hivi. Tayari alikuwa amechelewa. Mwaka huu kundi la kwanza la CBC limeingia shule ya upili kwa Gredi ya 10. Kabla ya hapo, Gredi ya 7, 8 na 9 walikuwa wamebaki katika majengo ya shule za msingi, ambako mpira wa miguu, voliboli, netiboli na handiboli ndiyo michezo inayotawala.

Umeona kilichotokea? Mlango wa magongo uko shule ya upili, na shule ya upili imesogezwa mbele mwaka mmoja. Mtoto sasa atashika gongo la kwanza akiwa na miaka 15, na atakuwa na miaka mitatu tu ya upili badala ya minne. Tulikuwa na muda mfupi, tumeupunguza.

Nasikia wengi wakishangilia kwamba mfumo mpya una mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo, na ni kweli upo, na kama wewe ni mmoja wa walioupata Januari, hongera. Lakini mkondo unaoanza ukiwa na miaka 15 unakukuta tayari umeundwa. Utamfaa kocha, refa, daktari wa viungo, mwandishi. Mchezaji wa magongo hatengenezwi hapo. Mikono yake huwa imeamua mapema zaidi.

Niruhusu nieleze kwa nini, kama hujawahi kucheza. Gongo la hoki lina upande mmoja tu bapa unaoruhusiwa kugusa mpira. Mpira ukikujia kushotoni, lazima uligeuze gongo kwa kifundo cha mkono, kwa kasi, bila kufikiri. Kwenye uwanja wenye matuta unajifunza kusimama kwanza, uuzime mpira, ndipo uinue macho. Kwenye zulia lililoloweshwa maji mpira unateleza sawasawa, kwa hivyo mwenzako anaupokea huku anakimbia, ameshaona pasi ya pili. Timu mbili zenye mapafu sawa na moyo sawa zitaachana hapo tu. Kijana wetu anapoteza nusu sekunde kila mara anapopokea mpira. Dakika 60 ni nusu sekunde nyingi mno.

Uholanzi, ambao Paris 2024 walibeba dhahabu ya wanaume na ya wanawake pamoja, hawawapi watoto wadogo uwanja mkubwa. Wanaanza watatu kwa watatu, kisha sita, kisha nane, ndipo wafike kumi na mmoja. Uwanja mdogo, watoto wachache, mpira unakupitia kila baada ya sekunde chache. Nasi huku mtoto wa miaka 15 anaingizwa moja kwa moja kwenye mechi ya watu 22, akae pembeni dakika kumi hajagusa kitu.

Futi kamba na uwanja wa handiboli

Sasa nikurudishe kwenye ule uwanja uliochorwa chaki.

Kila mara magongo yakizungumzwa Pwani, mtu anasimama kusema hatuna zulia. Kisha mwanasiasa anaahidi zulia. Kisha tunasubiri. Uwanja wa nyasi bandia wa magongo ni mradi wa pesa nyingi sana, unataka maji mengi kila mechi, na maji ya Malindi na Kilifi wewe mwenyewe unayajua. Mimi nasema zulia lisiwe la kwanza.

Kuna magongo ya ndani, yanayochezwa ukumbini, mchezo rasmi kabisa wenye Kombe lake la Dunia. Uwanja wake una urefu wa mita 36 hadi 44 na upana wa mita 18 hadi 22. Goli lake ni mita 3 kwa 2. Haya, nenda kapime uwanja wa handiboli wa shule yako: mita 40 kwa 20. Goli: mita 3 kwa 2. Ni kitu kile kile! Kinachokosekana ni mbao za pembeni zenye kimo cha sentimita 10, za kuurudisha mpira. Sentimita 10. Mbao za mnazi zinafika hapo na kubaki.

Kanuni zake zinatufaa zaidi. Katika magongo ya ndani hairuhusiwi kuupiga mpira kwa kuinua gongo nyuma, unausukuma tu. Na hauruki juu isipokuwa unapolenga goli. Maana yake vioo vya darasa viko salama, meno ya watoto yako salama, na mwalimu mkuu hana sababu ya kukataa. Sakafu ikiwa ya saruji, mpira unaenda sawa, karibu na unavyoenda kwenye zulia. Mtoto wa Ganda akicheza kwenye saruji kuanzia Gredi ya 4 atafika City Park akiwa na mikono ya City Park, hata kama hajawahi kuuona uwanja wenyewe.

Najua utasema viwanja vingi vya handiboli vya kaunti hii ni vya udongo. Ni kweli, hasa ukipanda kwenda Ganze na Bamba. Udongo uliomwagiwa maji na kufagiwa asubuhi si saruji, lakini mita 40 ni rahisi kusawazisha kuliko mita 91. Na kwa sababu handiboli yenyewe ni ya muhula wa kwanza, muhula wa pili na wa tatu viwanja hivyo vimelala. Miezi sita!

Namibia ndivyo walivyofanya sehemu kubwa ya safari yao. Wanawake wake walicheza Kombe la Dunia la magongo ya ndani Berlin mwaka wa 2018, wakarudi Pretoria mwaka wa 2023. Nchi ambayo haikuweza kujaza nyanja kubwa ilijaza kumbi, na leo watoto wake wako India na Chile.

Kenya nayo, ukiangalia vizuri, hupumua inapopewa uwanja mdogo. Vijana wetu walicheza magongo ya watano katika Olimpiki ya Vijana, Buenos Aires 2018. Januari 2024 dunia ilipocheza Kombe la kwanza la magongo ya watano kule Muscat, Oman, Kenya ilikuwemo, ikaingia nane bora, kisha ikapigwa 9-4 na India kwenye mechi za kuwania nafasi ya tano hadi ya nane. Mabao manne dhidi ya India si aibu. Tisa ya kufungwa, hayo tunaweza kuyazungumza. Na Muscat, kwa mtu wa Malindi, si ughaibuni. Kila mtaa hapa una mtu mwenye shangazi kule.

Gongo linagharimu, kipa anagharimu zaidi

Tusidanganyane kuhusu vifaa. Gongo zuri la kiwandani ni ghali kwa mzazi wa kawaida, na mavazi ya kipa, yaani pedi za miguu, viatu vya povu, glavu na kofia ya chuma, ni ghali mara kadhaa zaidi. Hapa ndipo shule moja peke yake hushindwa. Shule tano za karibu zinaweza kununua mavazi ya kipa seti mbili na kuyazungusha, maana hazichezi zote siku moja. Klabu nyingi za dunia zimeanza hivyo.

Kwa magongo ya wadogo, mimi ningeenda kwa mafundi. Malindi ina wachonga vinyago wenye ushirika wao wa miaka mingi, na siku hizi watalii hawanunui twiga wa mbao kama zamani. Kanuni za gongo si uchawi: lipite kwenye pete ya kipenyo cha milimita 51, lisizidi gramu 737, upande wa kushoto uwe bapa. Kabla ya plastiki na kaboni, magongo yote ya dunia yalikuwa mbao, na hao kina Sohal walicheza nayo. Halitatumika kwenye mechi za taifa, sawa. Lakini mtoto wa miaka tisa anayesukuma mpira wa tenisi uani hamsubiri mkaguzi.

Wasichana wana swali jingine, nalo ni mavazi. Wapo wazazi Malindi na Mambrui ambao wataangalia sketi fupi za magongo kwenye picha na kusema hapana. Waonyeshwe timu ya wanawake ya Malaysia. Wanacheza na hijabu ya michezo na suruali za kubana chini ya sketi, wanasafiri dunia nzima, na hakuna refa anayewafukuza. Hili lisemwe mapema, mwezi wa kwanza, mama akiwepo, badala ya kusubiri msichana aache kuja mazoezini kimya kimya. Na kwa kaunti ambayo kila mwaka inapoteza wasichana kutoka madarasani, mchezo unaolipiwa karo kule magharibi si jambo la kuchezea.

Baada ya filimbi ya shule

Tuseme yote yamekwenda sawa. Binti amecheza tangu Gredi ya 4, ana mikono, ana miaka 18. Anacheza wapi Jumamosi?

Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120. Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 na kitu. Klabu ya Kilifi ikiingia ligi ya taifa kesho, nusu ya msimu itaumalizia barabarani na kwenye treni, na itafilisika kabla ya mechi ya sita. Klabu za Mombasa zenyewe, kama Mombasa Sports Club na Mvita XI, zinajua uchungu huo. Kwa hiyo sioni faida ya kukimbilia ligi ya Nairobi. Mombasa ina klabu, ina wazee wanaoujua mchezo, na ina mashindano ya Pasaka ambayo kwa miaka mingi yamewaleta wachezaji wa bara hadi pwani. Pwani University iko Kilifi mjini, ina vijana wa umri huo huo. Timu nne au tano zinatosha kuwa na ligi ndogo ya Pwani, mechi moja au mbili kwa mwezi, nje ya muhula wa kwanza.

Na akitokea wa kuchukuliwa na Police au na chuo cha Nairobi, aende. Watu hapa husononeka kijana akichukuliwa na timu ya bara, kana kwamba ameibwa. Kamusinga haisononeki. Inatuma mwingine.

Sasa nani alipe? Ofisi ya michezo ya kaunti ina bajeti, na sehemu kubwa yake huishia kwenye mpira wa miguu na jezi za mashindano ya wanasiasa. Sidai inyang'anywe kandanda. Ligi ndogo kama hii haihitaji uwanja mpya wala kukata utepe. Inahitaji nauli. Kaunti ikitaka kujua ni kiasi gani, ipige hesabu ya matatu mbili za abiria 14 kutoka Malindi hadi Mombasa na kurudi, mara moja kwa mwezi, kuanzia Mei hadi Oktoba, na chakula cha mchana.